Kuchi wangu wanafupika kila uzao: je, damu imechoka?

*"Shikamoo mtaalamu. Niko Muheza, Tanga, nafuga kuchi, wale kuku warefu wa asili. Mwaka 2020 nilinunua jogoo mmoja mrefu sana aliyetoka Shinyanga, pamoja na mitetea minne. Watoto wa kwanza walikuwa wazuri mno, hadi watu walikuja kupiga nao picha. Jogoo yule nikampandisha kwa binti zake, halafu mwanawe aliyewazidi wenzake kwa urefu nikamwachia kundi zima. Sasa kila uzao unakuwa mfupi kuliko uliotangulia. Kwenye mayai 12 napata vifaranga 5 au 6, baadhi wana vidole vilivyopinda, na wengine hufa kabla ya wiki mbili. Jirani anasema damu imechoka, nilete jogoo wa Brahma au Sasso nirudishe umbo. Mwingine ananishauri nilalishe mayai yaliyochongoka ili nipate majogoo wengi. Ninachotaka ni kuwapeleka maonesho ya Nane Nane Morogoro wakiwa kuchi halisi. Nianzie wapi?"*

Marahaba, na pole sana kwa vifaranga. Umeeleza kwa uangalifu, na hilo limenirahisishia kazi. Hofu yako ni kwamba ile mbegu uliyoinunua kwa gharama imekwisha, na kwamba bila jogoo mgeni mwenye umbo kubwa hutarudi tena ulikoanzia. Naona sivyo. Sehemu kubwa ya mbegu ile bado iko bandani kwako. Kilichovurugika ni mpangilio: ufugaji wote umepita kwa jogoo mmoja, kisha kwa mwanawe mmoja. Kuchi wa maonesho hatokani na jogoo mmoja wa ajabu. Hutokana na kundi lililopangwa, ambalo mitetea wamechaguliwa kwa ukali uleule tunaowachagulia majogoo. Mengine yote nitakayokueleza yanatoka hapo.

Tuanze na kufupika. Jogoo akiwazidi wenzake kwa urefu, urefu ule una vyanzo viwili. Kimoja ni alichorithi. Cha pili ni malezi na bahati: alitotolewa msimu mzuri, alikula vizuri, hakuugua utotoni. Watoto wake hupokea kile cha kwanza tu. Chukua mfano wa hesabu. Tuseme majogoo wa kundi lako wana wastani wa sentimita 60 kutoka ardhini hadi utosini, na huyu mmoja ana 70. Tuseme pia kwamba asilimia 40 ya tofauti za urefu baina ya kuku wako hutokana na urithi unaopita kutoka mzazi hadi mtoto. Ziada ya jogoo ni sentimita 10, lakini yeye ni nusu tu ya wazazi, kwa hiyo inabaki 5. Asilimia 40 ya 5 ni 2. Wanawe wa kiume watakuwa na wastani wa sentimita 62. Mtu aliyetegemea 70 akiona 62 atasema damu imechoka, kumbe kundi limepanda kwa sentimita 2, na hayo ni maendeleo mazuri kwa uzao mmoja.

Sasa rudia hesabu hiyo ukiwa umechagua pia mitetea inayowazidi wenzao kwa kiwango kilekile. Badala ya 2, unapata 4. Umeongeza mara mbili bila kununua chochote. Ndiyo maana nasikitika kila ninapoona mfugaji anamsifu jogoo wake kwa dakika kumi, halafu ukimuuliza mama yake ni yupi anaonyesha kundi zima kwa mkono. Katika barua yako mitetea umeitaja mara moja tu, kwa idadi. Ikiwa kati ya wale wanne wa mwanzo yupo hata mmoja aliye hai, mtenge leo. Hata akitaga mayai machache kwa sababu ya umri, hayo ndiyo ya thamani kuliko yote uliyonayo.

Suala la pili ni undugu, na hapa jirani yako amegusa ukweli ingawa dawa aliyokupa siyo. Kila kuku hubeba nakala mbili za karibu kila kinasaba, moja ya baba na moja ya mama. Kasoro nyingi za urithi hujificha: nakala moja ikiwa mbovu, ile nzima hufanya kazi kwa niaba ya zote mbili, na kuku haonyeshi dalili yoyote. Ukimpandisha baba kwa bintiye, au ndugu wa baba na mama mmoja wakipandana, basi kwenye kila kinasaba mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kupokea nakala mbili zilizotokana na nakala moja ileile ya mzee mmoja. Zikiwa mbovu, hakuna nzima ya kumwokoa. Madhara huanza mahali palepale ulipoyaona wewe: yai halishiki mimba, kiini (mwanzo wa kifaranga) kinafia ndani, kifaranga kinatoka dhaifu, ukuaji unapungua. Sura haiguswi sana. Kuku anabaki na mdomo wa kuchi, shingo ya kuchi na msimamo wa kuchi, huku uzazi wake ukididimia. Kwa hiyo mfugaji anayetazama sura peke yake huchelewa kushtuka.

Kuna hesabu nyepesi inayoonyesha jinsi jogoo mmoja anavyolibana kundi. Zidisha 4 kwa idadi ya majogoo, zidisha tena kwa idadi ya mitetea, kisha gawa kwa jumla yao. Jogoo 1 na mitetea 10: 40 gawa kwa 11, ni 3.6. Yaani kuku wako 11, kwa upande wa urithi, wana upana wa kuku wasiofika 4, na undugu ndani ya kundi unapanda kwa karibu asilimia 14 kila kizazi. Ongeza mitetea iwe 20 na jogoo yuleyule mmoja: unapata 3.8 tu, gharama ya chakula imepanda maradufu na faida hakuna. Lakini weka majogoo 3 na mitetea 9: 108 gawa kwa 12, ni 9. Kuku 12 kwa jumla, na undugu unapanda kwa chini ya asilimia 6 kwa kizazi. Nimekuwekea tarakimu hizi kwa makusudi, kwa sababu wafugaji wengi huamini kwamba wakiongeza mitetea wamepanua damu. Damu hupanuliwa na idadi ya majogoo wanaozaa kweli.

Hata hivyo, usitupie undugu kila lawama kabla hujavunja mayai. Hii ni kazi ya uvundo kidogo, na ndiyo inayosema ukweli. Siku ya 7 ya kulalia, pima mayai gizani kwa tochi. Yai lililo angavu kama lilivyotagwa huenda halikupata mbegu ya jogoo. Yai lenye mzunguko mwekundu wa damu lilikuwa na uhai ukakatika mapema. Lenye mishipa iliyotawanyika kutoka kwenye doa moja liko hai. Siku ya 22, yale ambayo hayakuanguliwa yavunje moja moja juu ya gazeti na uandike ulichokuta: maji matupu, kiini kidogo chenye jicho jeusi, kifaranga kamili kilichoshindwa kutoboa.

Mayai angavu yakiwa mengi, mshuku jogoo. Huenda ni mzee, ana uzito kupita kiasi, ana maumivu ya miguu, au anapendelea mitetea wawili na kuwaacha wengine. Viini vikifa mapema kwa wingi, uliza kwanza jinsi unavyotunza mayai. Huko kwenu Tanga chumba chenye bati kinaweza kufika nyuzi joto 30 na zaidi mchana, na yai lililorutubishwa likikaa kwenye joto hilo kiini huanza kukua kivivu, halafu hufa. Weka mayai ya uzao mahali pa baridi zaidi ndani ya nyumba, ncha iliyochongoka ikiwa chini, uyageuze kidogo kila siku, na usivuke siku 7 kabla ya kuyalalisha. Jambo lingine la kuchi: mtetea wake ni mzito, ana miguu mirefu na manyoya machache, hivyo akilalia huvunja mayai na hayafuniki yote vizuri. Mayai yake wape makoo wa kienyeji wa kawaida, watulivu, 10 au 12 kwa kila mmoja.

Vidole vilivyopinda vina hadithi yao. Kifaranga ambaye vidole vimejikunja kwa ndani kama ngumi, anakalia magoti, na wenzake wa mama tofauti wana hali hiyohiyo ndani ya wiki mbili au tatu za kwanza, mara nyingi amekosa vitamini B2. Upungufu huo unaweza kuanzia kwa makoo wenyewe: wanaotaga kwa mahindi na pumba tupu hutoa yai lisilo na akiba ya kumtosha kifaranga. Wape majani mabichi kila siku, dagaa au damu iliyokaushwa, mashudu, na mchanganyiko wa vitamini wa kuku wa mayai, kuanzia wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kulalisha. Lakini vidole vikiwa vimepinda upande, kuku anatembea vizuri tu, na tatizo linawarudia watoto wa mtetea fulani au jogoo fulani, huo ni urithi, na familia hiyo isizae tena. Ujue pia kwamba sakafu ya kuteleza na joto baya la mashine ya kutotolea vinaweza kupindisha vidole. Ndiyo sababu nasisitiza ujue mama wa kila kifaranga. Bila hilo huwezi kutenganisha lishe na damu.

Sasa ushauri wa Brahma na Sasso. Ukimpandisha Brahma kwa mitetea wako, uzao wa kwanza utakufurahisha kweli. Utakuwa mkubwa, mchangamfu, mayai yataanguliwa. Hiyo ni nguvu ya mchanganyiko, nayo huonekana kila unapokutanisha damu mbili zilizo mbali. Shida inakuja uzao wa pili, wakati watoto wanapoanza kutawanyika: mmoja ana manyoya miguuni, mwingine mnene mfupi, mwingine ana shingo ya baba na miguu ya bibi. Kuchi ana manyoya machache yaliyoubana mwili, Brahma amefunikwa na manyoya tele hadi vidoleni, na tabia ya manyoya ya miguuni hujitokeza hata kwa nakala moja. Utatumia miaka mingi kuiondoa. Sasso naye ni kuku chotara aliyetengenezwa kwa ajili ya nyama na mayai, mzuri kwa kazi yake, ila watoto wake hawamfuati. Ukitaka kuku wa kuuza supu, wachanganye bila wasiwasi. Kwa kuchi halisi wa maonesho, hapana.

Kuhusu mayai yaliyochongoka, pita tu. Umbo la yai hutengenezwa na njia ya uzazi ya mtetea, na kila mtetea huwa na umbo lake analolirudia. Jinsia huamuliwa kabla ya ganda kuwepo, na kwa ndege anayeamua ni mama, siyo baba kama ilivyo kwa binadamu. Yai la duara litakupa pora (jogoo mchanga) na tembe (mtetea mchanga) kwa uwezekano uleule.

Twende kwenye mpango. Gawa kundi katika mabanda matatu, yape rangi, na kila kuku avae pete ya mguuni ya rangi ya banda alilozaliwa. Tuseme nyekundu, kijani na bluu. Kila banda lina jogoo 1 na mitetea 3 au 4, na jogoo mmoja wa akiba pembeni. Binti hubaki banda la mama yao maisha yote. Pora bora wa nyekundu huhamia kijani, wa kijani huhamia bluu, wa bluu huhamia nyekundu, na kila kizazi unarudia mzunguko huohuo bila kugeuza mwelekeo. Utaratibu huu ni wa zamani, hauhitaji kompyuta, na unamzuia jogoo asikutane na mama yake wala dada yake. Vifaranga watie alama siku wanayokauka, kwa kitobo kidogo kwenye ngozi iliyo katikati ya vidole: nafasi ya kitobo hutofautisha mama na mama. Pete huwavaa baadaye mguu ukishakua.

Kwa kuwa kundi lako lote lina undugu, mabanda matatu hayatasaidia ukiyajaza kuku walewale. Unahitaji damu mpya, ila ya kuchi kwa kuchi. Kuku hawa wapo Kanda ya Ziwa, wapo Tabora, wapo Pwani yetu, na wenzetu wa Kenya wanao Lamu na Mombasa. Kwako mimi ningeanza hivi: banda la kwanza libaki na damu yako ya zamani peke yake, yaani mitetea wakongwe kama wapo na jogoo wako aliye mbali nao zaidi kwa undugu, hata kama uanguaji ni mdogo, ili lolote likitokea usipoteze ulichonacho. Banda la pili liwe na mitetea wapya watatu wasio na undugu na wako, wakiwa na jogoo wako. Banda la tatu liwe na jogoo mgeni na binti zako bora. Wafugaji wengi hukimbilia jogoo mgeni kwa kundi lote kwa kuwa ni rahisi. Mimi napendelea damu mpya iingie zaidi kupitia mitetea, maana mtetea akileta kasoro iliyojificha itabaki kwa watoto wake wachache, wakati jogoo ataisambaza kwa kila kifaranga cha mwaka huo.

Ukibadilisha jogoo, subiri wiki tatu kabla ya kuanza kukusanya mayai ya uzao. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili na pengine tatu, kwa hiyo yai la wiki ya kwanza linaweza kuwa la yule aliyeondoka. Na kuku yeyote mgeni akae mbali na wenzake siku 30, kwa chombo chake na viatu vyako tofauti, akiwa amechanjwa mdondo (kideri). Kabla hujasafirisha kuku kutoka mkoa mwingine, muone afisa mifugo akupe utaratibu wa kibali.

Kuchagua ndiko kunakohitaji moyo mgumu. Uingereza wana kitabu cha viwango vya kuku tangu 1865, na Marekani tangu 1874, kwa hiyo mwamuzi wa huko ana cha kufungua. Kuchi wetu tunamtambua kwa jicho na mazoea. Mbali na hapa, ndugu yake wa karibu anayejulikana ni Shamo wa Japani, ambaye nchi hiyo ilimtangaza kuwa urithi wa asili mwaka 1941, na utafiti wa vinasaba umeonyesha ukaribu wao. Kwa kuwa huna kitabu cha kufungua, andika kiwango chako mwenyewe, ukurasa mmoja, uubandike bandani. Changu kingeanza na msimamo: wima, mgongo ukishuka kuelekea mkiani, kichwa juu. Kisha miguu, mirefu na minene, iliyonyooka ukimtazama kwa nyuma, magoti yasigusane. Mdomo mfupi, mnene, umepinda kwa chini. Upanga, yaani ile nyama nyekundu ya utosini, uwe mdogo uliolala kichwani. Manyoya machache yaliyobana. Rangi naiweka mwisho, kwa sababu ukianza kwa rangi utamfukuza kuku bora na kumbakiza mrembo mwenye miguu mibovu.

Upanga unakufundisha mengi kuhusu wazazi. Upanga mdogo uliolala huonekana hata kifaranga akiwa na nakala moja tu ya tabia hiyo, ndiyo maana kuku anaweza kuonekana kuchi safi huku amebeba upanga wa kusimama kwa siri. Ukiona kwenye uzao wako kifaranga mmoja mmoja anatoka na upanga uliosimama wenye meno, jua baba na mama wote wawili wanaubeba. Usimlaumu jogoo peke yake. Kwa wazazi wa namna hiyo tarajia takriban mmoja kati ya wanne, na daftari litakwambia ni mitetea gani.

Chagua kwa hatua. Siku ya kwanza ondoa walio na mdomo uliopishana na wasiosimama. Wiki ya 8 tazama miguu na kasi ya ukuaji, lakini usichague jogoo hapo. Kuchi hukomaa polepole, na pora aliyewahi kurefuka mara nyingi hupitwa na ndugu zake. Hapo pia ndipo pora huanza kuumizana, hivyo watenge mapema. Miezi 6, pima urefu kwa fimbo yenye alama, mpime uzito, pitisha kidole kwenye mfupa wa kifua uone kama umenyooka. Miezi 12 ndipo unaamua nani anazaa. Machapisho ya ugani hapa nchini hutaja jogoo wa karibu kilo 2.5 na mtetea wa kilo 1.8. Usiwanenepeshe kutafuta kilo zaidi, kwani mafuta huua uwezo wa kuzaa na hayaongezi urefu hata kidogo.

Na linganisha kuku na waliototolewa wiki moja naye, siyo na yule wa masika dhidi ya wa kiangazi. Kisha angalia familia. Ukiwa na pora wawili, mmoja mrefu sana ambaye ndugu zake wengi walikufa au ni wafupi, na mwingine mrefu wa kadiri ambaye ndugu zake wote ni warefu na wote walianguliwa vizuri, mchukue wa pili. Ndugu zake wanakueleza alichonacho ndani kuliko sura yake inavyoweza. Mimi huweka sharti moja juu ya mengine yote: mtetea ambaye mayai yake yanayoanguliwa hayafiki 8 kwa 12 katika mizunguko miwili, hali wenzake wa banda moja wanafika, hatoi jogoo wa kuendeleza mbegu, awe mrefu namna gani. Ukitaka kubakiza majogoo 3 na mitetea 9 kila mwaka, jitahidi utotoe vifaranga 60 au zaidi. Wasiochaguliwa kula au uza kwa nyama. Usiwauze kwa mfugaji mwenzako kama mbegu.

Nane Nane Kanda ya Mashariki hufanyika Morogoro, kilele tarehe 8 Agosti, na kuku wa kuonyesha anapendeza zaidi akiwa na miezi 13 au 14, kabla hajaanza kupukutisha manyoya. Rudisha hesabu nyuma: vifaranga watotolewe Juni na Julai za mwaka uliotangulia, ambapo pia masika imekwisha na banda limekauka. Miezi miwili kabla ya maonesho mzoeshe kuku kibanda cha waya, mshike kila jioni, mguse mabawa na miguu. Kuchi asiyezoea mikono hujikunyata mbele ya watu na msimamo wote unapotea. Siku tatu kabla, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, mkaushe kabisa, mpake mafuta ya nazi kidogo miguuni na kwenye upanga. Kwa umri wa kundi lako na kazi iliyopo, usikimbilie maonesho yajayo. Lenga ya miaka miwili ijayo.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi, na uyapeleke kwa mtu atakayewashika kuku wako. Kuku wakifa ghafla wengi, wakiwa na kuharisha kijani, kupooza au shingo kusokoteka, huo unaweza kuwa mdondo: mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usiuze wala kuhamisha kuku. Na kama chanjo imelala, uliza chanjo ya I-2 inayovumilia joto, inayotiwa jichoni tone moja na kurudiwa kila miezi mitatu. Hivyo vifo vyako vya kabla ya wiki mbili navyo vinanitia shaka kubwa kuliko vidole. Tazama sehemu ya haja ya vifaranga wanaokufa. Ikiwa imegandamana kinyesi cheupe, chukua wawili au watatu waliokufa karibuni, waweke kwenye mfuko juu ya barafu bila kuwagandisha, uwapeleke maabara ya mifugo iliyo karibu pamoja na daftari lako. Kuna kuhara kweupe kunakopita kwa mtetea mzima asiyeonyesha ugonjwa, kunaingia ndani ya yai, na hakuna uchaguzi wa mbegu unaoweza kuuponya ugonjwa huo. Makoo hupimwa damu, wenye vimelea huondolewa. Omba kipimo hicho kabla ya kuunda mabanda yale matatu, kwa maana mtetea mmoja mwenye vimelea akiingia kwenye mzunguko, wanawe ndio watakaovisafirisha kutoka banda hadi banda.